Ng'ombe Mmoja, Vyumba Vyote

Ko. Kimya kidogo. Ko.

Ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia siku yangu ya kwanza kazini, na mpaka leo naisikia hata nikiwa naosha vyombo. Ni kengele ya ng'ombe, ile ya bati nene inayofungwa shingoni, ikilia taratibu kama vile ng'ombe mwenyewe hana haraka ya kufika popote. Ilitoka kwenye spika iliyokuwa mezani kwa Fundi Mghenyi, pale karakana kwetu Karatu, nyuma ya maduka ya mbegu. Kabla haijapoa ikalia tena kwenye spika nyingine iliyokuwa chumba cha nyuma. Fundi akanitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bahasha ya vyeti vyangu vya kidato cha nne, vyeti visivyo na mengi ya kusema.

"Binti, ng'ombe wangapi?"

"Wawili," nikajibu.

"Wanakwendaje?"

"Mmoja yuko mbele. Mwingine anamfuata, ila anajivuta."

"Weka mkoba pale. Kazi umepata."

Bahasha hakuifungua, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa nimestaafu. Najua mnacheka. Watu wanastaafu wakiwa na mvi na miwani, mimi nimesuka nywele juzi tu na mchumba bado sijapata. Lakini daktari amesema sikio langu la kushoto lipumzike na makelele, na kwa kuwa siwezi kulirudisha nyumbani Endamarariek peke yake, nimeamua kwenda nalo. Elibariki, fundi mwenzangu, ndiye aliyeniomba niandike, ili wale wapya waliokuja karakana wasome, kwa sababu yeye akieleza anaishia kutukana waya. Haya, nimeandika.

Nianze na kazi yenyewe, maana wapya mnadhani ni kubeba spika. Mtu wa Karatu akipata nafasi anajenga nyumba kubwa. Akishajenga anataka homu thieta kama aliyoiona kwenye loji, ya runinga pana na sauti ya kutikisa vikombe. Akishaipata sebuleni anataka sauti hiyo hiyo jikoni, barazani, chumbani na hata bafuni. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza, kwa sababu sauti si maji. Huwezi kufungua bomba ikafika kote kwa pamoja. Spika ya waya inapokea papo hapo. Ile ya runinga inaichezeachezea sauti kwanza ndiyo iitoe. Isiyo na waya ndiyo mbaya kuliko zote, ni kama mgeni anayevua viatu mlangoni wakati wenzake wameshakaa na kumiminiwa chai. Tofauti yenyewe ni ndogo kuliko kufumba jicho, lakini sikio halina msamaha.

Fundi Mghenyi alikuja huku zamani kutoka Singida kuvuna kahawa kwenye shamba la mzungu mmoja, akawa anatengeneza redio za wenzake jioni, mwisho redio zikamtoa shambani. Hakuamini mashine za kupimia. Aliwahi kwenda mnadani na simu yake ya zamani, akamfuata ng'ombe mmoja mzee mpaka mwenye ng'ombe akamshuku kuwa mwizi, akarekodi ile kengele. Ndiyo tunayotumia mpaka leo. Akasema muziki unaficha makosa, mdundo huu unaufunika ule, lakini kengele iko peke yake, haina pa kujificha. Unasimama mlangoni, katikati ya vyumba viwili, sikio moja huku na jingine kule. Ukisikia ng'ombe wawili, kazi bado. Ukisikia mmoja, unaruhusiwa kunywa chai. Ukisikia mmoja lakini sauti yake imeburuzika mwishoni, huyo tunamwita mmoja mwenye mkia. Chai unaruhusiwa lakini usikae.

Vifaa vyangu havikuwa vya kutisha. Bisibisi ya kujaribia umeme, koleo, tochi ya kichwani, na fimbo ya ufagio ya kusukumia waya juu ya dari. Fimbo hiyo nimemwachia Neema, dada yetu wa kaunta ambaye sasa anajifunza ufundi. Tafadhali msifagilie.

Kesi ya kwanza niliyoachiwa ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu na mkewe, pale pale mjini. Kila jioni walikuwa wanasali pamoja na redio, mwalimu sebuleni kwenye kochi lake, mama jikoni akiwa anapika. Mwalimu akaja karakana amenuna.

"Fundi, mke wangu anasema amina kabla yangu."

"Labda ana imani kubwa," nikamwambia.

"Tumeoana miaka yote hiyo, imani yake naijua. Ni spika."

Alisema kweli. Jikoni kulikuwa na waya, sebuleni sauti ilipitia kwenye runinga. Mama alikuwa anatangulia mbele ya Mungu kila siku, na mwalimu anafika ameshasahau alikuwa anaomba nini. Hapo Fundi akanifundisha kitu ambacho nawaomba mkikariri kuliko vyote. Yule anayechelewa huwezi kumharakisha, ndivyo alivyotengenezwa. Unamchelewesha yule anayewahi. Kwenye amplifaya kuna sehemu ya kuchelewesha sauti ya kila chumba. Unaongeza kidogo, unasikiliza, unaongeza tena, mpaka wote wanafika mlangoni pamoja. Nikamchelewesha mama. Jioni hiyo amina ikasikika moja nyumba nzima, na mama akanitolea kiazi cha kuchemsha huku akinung'unika, "Nilikuwa nimezoea kumshinda."

Kulikuwa na kesi nyingine ya bwana mwenye baa ya uani. Watu wa barazani walikuwa wanashangilia goli wakati watu wa ndani bado wanamwona mchezaji yuko katikati ya uwanja. Watu wa ndani wakawa wanahamia barazani, wa barazani wanakataa kubanana, kukawa na ngumi. Fundi aliwachelewesha watu wa barazani, wakakasirika kuliko mwanzo. Mmoja aliniambia, "Dada, umetuibia goli letu." Katika kazi hii kuna watu hawataki usawa, wanataka kuwahi.

Nilikuwa na ndoto nyingi wakati huo, na bado ninazo. Nikiwa juu ya dari na vumbi puani nilijiona natangaza redioni. Ndege ndogo za watalii zikipita, nilijiona naziendesha. Fundi alikuwa ananisikia nikijisemea huko juu, ananiuliza, "Rubani, umeuona ule waya mweusi?" Hakunicheka hata siku moja. Alinicheka mara moja tu, nilipokanyaga dari ya paroko nikaning'inia juu ya meza ya chakula, na hapo alikuwa na haki.

Sikio liliharibika kwenye loji moja huku juu karibu na lango la kuingilia Ngorongoro. Sitaitaja, hawakuwa na kosa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, na spika niliyokuwa nimeibeba begani nikiifunga ikapiga ukelele kwenye sikio langu la kushoto kama mbuzi aliyekanyagwa. Siku kadhaa nilisikia mluzi tu. Kisha mluzi ukaisha, nikafurahi, nikadhani nimepona. Kumbe mluzi ulikuwa umeondoka na vitu vingine.

Fundi Mghenyi alikuwa ameshakwenda kupumzika kwao Singida nilipopata kazi ya Mbulumbulu, ile ninayotaka kuwaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo ya mwisho.

Damiano ni dereva wa watalii. Amejenga nyumba kubwa kule juu Mbulumbulu, kwenye shamba la baba yake, ngano mbele na maharage nyuma. Baba yake, Mzee Tluway, alikataa kuhamia, mwisho akahamia, na wiki hiyo hiyo akateleza kwenye ngazi za vigae akavunjika nyonga. Tangu hapo yuko kitandani, chumba cha mwisho kwenye korido, na ngazi zile anaziita "mradi wa Damiano".

Sasa binti wa Damiano, Paskalina, alikuwa anaolewa Oloipiri, kwa Wamasai. Kwetu Wairaqw kuna maombi marefu ya baraka tunayaita slufay. Mzee anatamka mstari, watu wote wanaitikia kwa pamoja "eeeh" ndefu inayotoka kifuani, anatamka mwingine, wanaitikia tena. Mzee Tluway alikuwa akiitwa mpaka vijiji vya mbali kwa ajili hiyo. Na mwitikio ukivunjika, wengine mapema wengine baadaye, mzee ananyamaza, maana ni kama watu wenyewe hawajakubaliana na baraka. Chumba cha mzee kinaingia kitanda na kiti. Wageni wangekuwa sebuleni, barazani, jikoni na nje kwenye turubai.

Paskalina alikuja mwenyewe karakana, na mzee wake wa nyumbani, yaani Damiano, amebaki kwenye gari anaongea na simu.

"Da Resti, baba atakwambia anataka muziki wa harusi. Usimsikilize. Mimi nataka babu asikike vyumba vyote kwa pamoja, na watu wamjibu kwa pamoja. Babu asipomaliza maneno yake, mimi sitoki ile nyumba. Nimeshawaambia."

"Hata bwana harusi akiwa mlangoni?"

"Akae hapo hapo mlangoni. Ana shuka lake la rubega, hatasikia baridi."

Tukaenda Ijumaa, mimi na Elibariki, harusi ikiwa kesho yake. Damiano akatuambia sebuleni kuna kikao kidogo, tufunge mlango tuendelee na korido, jikoni na baraza. Hakutuambia ni kikao cha nini. Kilikuwa kikao cha mwisho cha mahari. Wazee wa Oloipiri walikuwa wamekaa upande mmoja, ukoo wa Damiano upande wa pili, na shauri lilikuwa limefikia pale pagumu ambapo watu wanatazama sakafu na kunyamaza.

Mimi nikawasha kengele. Ko. Ko. Nikasimama kwenye korido, Elibariki barazani.

"Eli! Wangapi huko?"

"Wawili!"

"Wawili ni wengi! Mimi nataka mmoja!"

"Basi punguza!"

"Nimepunguza! Sasa?"

"Bado wawili! Huyo wa pili ni mnyonge lakini yupo!"

"Mwondoe kabisa!"

"Haya... Mmoja! Mmoja safi, hana hata mkia!"

"Basi tumwache huyo huyo mmoja, tunywe chai!"

Mlango wa sebuleni ukafunguka. Damiano alitoka akiwa anatokwa na jasho kama aliyesukuma gari matopeni. Nyuma yake nikasikia sauti ya mzee wa Kimasai, imetulia sana, inasema, "Sisi tumesikia. Ukoo umesema mmoja. Tunashukuru kwa ukarimu."

"Hakuna ukoo uliosema mmoja!" Shangazi Martina, dada yake Damiano, akaruka. "Huyo ni fundi wa spika!"

"Tumesikia pia kwamba hana mkia. Hilo nalo hatulipingi. Tutamleta asiye na mkia."

Nikaitwa sebuleni. Nikasimama mbele ya wazee na bisibisi mkononi, nikaamkia kote kote, nikaeleza kuhusu ng'ombe wa kwenye simu. Mzee mmoja, babu yake bwana harusi, Mzee Lemomo, akaomba asikie. Nikamchezea. Akainamisha kichwa, akafumba macho.

"Huyu ng'ombe ni mzee," akasema. "Anatembea amechoka. Na kengele yake imepasuka upande mmoja. Nani alimwacha ng'ombe avae kengele iliyopasuka?"

Ukumbi ukacheka. Kutoka chumba cha mwisho, Mzee Tluway naye akapaza sauti: "Waulizeni hao! Zamani walikuwa wanachukua ng'ombe wetu bila kikao, leo wanataka hata aliyeko kwenye simu!"

Hapo ugumu ukayeyuka. Wakakubaliana hesabu ile ile ya mwanzo, na Mzee Lemomo akaongeza mtamba mmoja juu yake, kwa sababu, alisema, hajawahi kucheka kwenye kikao cha mahari tangu azaliwe. Mtamba yule mpaka leo anaitwa Spika. Nimeambiwa ana maziwa.

Wageni walipoondoka tukamaliza sebule, tukaweka na maiki kitandani kwa Mzee Tluway. Vyumba vyote vya waya vilikuwa ng'ombe mmoja. Tulilala Karatu tukiwa na furaha.

Asubuhi ya harusi ndipo nilipoingia kwenye shida. Turubai lilikuwa limesimamishwa uani, na waya wetu haukufika. Damiano akasema nisijali, akashusha kwenye gari spika kubwa jipya lisilo na waya, lenye magurudumu, na taa zinazobadilika rangi kama ukumbi wa disko. Nikaliunganisha, nikasimama pale baraza linapokutana na turubai, nikawasha kengele. Sikio la kulia barazani, la kushoto turubaini.

"Mmoja," nikasema.

Mzee Lemomo alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake. Jana yake tulikuwa tumekuwa marafiki, asubuhi hiyo alinisalimia kwa Kimasai, "Takwenya", nikajibu "Iko" kama ninayejua mambo. Akaweka kikombe chini.

"Wawili, binti."

"Mmoja, mzee wangu."

"Wawili. Wa kwanza amepita, wa pili yuko mbali, hata vumbi la mwenzake halioni."

Nikageuka nikaelekeza sikio la kulia turubaini. Ko-ko. Alikuwa sahihi, tena walikuwa mbalimbali mno, hata mtoto wa chekechea angewasikia. Nikageuka tena kama mwanzo. Mmoja. Nikageuka. Wawili. Nilisimama pale nikizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na polepole nikaelewa kwamba tatizo moja liko kwenye spika na lingine liko kichwani kwangu.

Sikupata nafasi ya kuhuzunika, maana Damiano alikuwa ameshaona taa zinawaka, akadhani tumemaliza, akaenda kumwambia baba yake aanze. Maiki ilikuwa wazi. Ghafla sauti ya Mzee Tluway ikatoka kila mahali, nzito, haina ugonjwa hata kidogo, ikatamka mstari wa kwanza.

Sebuleni wakaitikia: eeeh. Turubaini mstari ulikuwa ndiyo kwanza unaingia, wakaitikia wakati mzee ameanza mstari wa pili: eeeh. Watu wa barazani, wanaosikia huku na huku, wakagawanyika, wengine wakajibu mara mbili. Jikoni mtu mmoja akaangua kicheko, na dirisha la mzee liko mkabala na jikoni.

Mzee akanyamaza. Tukasikia anahema vyumba vyote.

"Zimeni," akasema. "Sibariki watu wanaonicheka."

Paskalina alikuwa amesimama sebuleni na nguo yake nyeupe. Akaketi chini, pale pale sakafuni, nguo ikamzunguka kama povu. Hakulia. Akasema tu, "Mimi nimekaa," na wote tukajua maana yake. Magari ya kwenda Oloipiri yalikuwa yamepangwa nje, injini zinanguruma.

Nikafunga maiki, nikamfuata Mzee Lemomo.

"Mzee wangu, nikopeshe masikio yako."

"Yote mawili?"

"La kulia ninalo. Kaa hapa nilipokuwa nimesimama. Wewe hesabu tu."

Eli akakaa kwenye amplifaya sebuleni. Lile spika la taa halikuwa na namna ya kuharakishwa, kwa hiyo tukaanza kuchelewesha nyumba nzima ili ilingoje. Sebule, korido, jikoni, baraza. Kengele ikalia.

"Wawili!" akasema Mzee Lemomo.

"Eli, ongeza!"

"Wawili, lakini wameonana."

"Ongeza!"

"Wanatembea ubavu kwa ubavu."

Kutoka jikoni nikamsikia Shangazi Martina: "Jamani, wanapunguza tena! Damiano, toka nje, wanapunguza tena!"

"Ongeza kidogo, Eli, kidogo sana!"

Mzee Lemomo akainua mkono. "Mmoja. Ana mkia."

"Kidogo tena!"

Ko. Kimya. Ko. Mzee alikaa muda mrefu amefumba macho, nikadhani amelala.

"Mmoja," akasema. "Huyu ningemnunua."

Nikaenda chumba cha mwisho. Mzee Tluway alikuwa ameelekea ukutani, ananionyesha mgongo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wameshamaliza kucheka?"

"Babu, hawakukucheka. Sauti yako ilikuwa inachelewa kufika kule nje. Walikuwa wanakujibu kila walipokusikia."

Akageuza kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sauti yangu inachelewa? Miguu imekataa, sasa na sauti nayo?"

Ile ilinichoma, kwa sababu nami nilikuwa nimetoka kugundua kwamba kiungo changu kimeniacha bila kuniaga. Nikapiga magoti karibu na kitanda.

"Sauti yako ni nzima kuliko yangu. Ni lile spika la Damiano lenye taa."

"Lenye taa?" Akajiinua kwa kiwiko. "Nilimwambia kitu chenye taa nyingi hakina akili. Ni kama zile ngazi."

"Sasa tumelifungia kazi. Wote watakusikia pamoja. Ila babu, watajibu wakiwa wamechelewa kidogo, maana tumewasubirisha wote. Usiogope, wape nafasi."

"Wakinijibu vipande vipande, nanyamaza, na sirudii. Nimezeeka, sina pumzi za kujaribia."

"Sawa, babu."

Nikafungua maiki, nikamwekea karibu na mdomo, nikatoka kwenda kusimama kwenye korido. Nikaegemea ukuta.

Mzee akatamka mstari wa kwanza. Ukatoka kote. Kimya. Kikafuata kile kijisehemu cha muda tulichokiongeza sisi wenyewe kwa mikono yetu, ambacho mimi nilikiona kirefu kama msimu wa kilimo. Kisha nyumba, baraza, jikoni na turubai vikajibu.

Eeeh.

Moja. Ukuta uliokuwa mgongoni kwangu ulitikisika. Hata wazee wa Oloipiri waliitikia, kwa lafudhi yao.

Mzee hakuendelea. Tukangoja. Shangazi Martina alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Kisha sauti ya mzee ikasikika, vyumba vyote, inanung'unika:

"Wamechelewa." Akavuta pumzi. "Lakini wamechelewa pamoja. Haya."

Akaendelea. Aliomba mvua isiyobomoa, aliomba ng'ombe wasijue mwizi, akamtaja Paskalina kwa jina la bibi yake, akaomba njia ya kwenda Oloipiri iwe pia njia ya kurudi kusalimia. Kila mstari tukamjibu, na kila mara alitusubiri. Alipofika mwisho Paskalina akainuka sakafuni, akaenda chumba cha mwisho, akakaa humo kitambo. Alipotoka vipodozi vilikuwa vimeshuka mpaka kidevuni. Shangazi akataka kumfuta, akakataa, akatoka hivyo hivyo.

Watu wote wakaondoka kumsindikiza mpaka barabara kuu. Eli akaenda nao, alisema ni kwa heshima, ila nilimwona anafuata sufuria ya pilau. Nikabaki kukunja waya.

Ndipo nikasikia. Kwanza nilidhani ni injini. Ilikuwa inatoka sebuleni, jikoni, barazani na kule nje kwenye turubai tupu lenye viti vilivyolala. Nilikuwa nimesahau kufunga maiki. Mzee Tluway alikuwa amelala, anakoroma nyumba nzima.

Nikakaa sakafuni pale alipokuwa amekaa Paskalina, nikasikiliza. Sikio la kulia likasema mmoja. La kushoto halikusema kitu, na kwa mara ya kwanza sikuligombeza. Alikoroma mstari mrefu, akatulia. Akakoroma mwingine, akatulia. Zilikuwa pumzi zile zile za baraka, na kila baada ya mstari aliacha nafasi, kama bado anatusubiri.

Nikamwacha amalize mmoja. Nyumba ikanyamaza. Nikavuta pumzi kutoka chini kabisa kifuani, nikaitikia peke yangu, polepole nisimwamshe:

"Eeeh."

Kisha nikainuka, nikaenda nikafunga maiki.